Mkiuliza Kanisa Kuu la Oslo Mtapelekwa Kwingine
Hotuba kwa wageni wanaozungumza Kiswahili wanaojiandaa kutembelea Kanisa Kuu la Mtakatifu Olav, Norwei

Tumsifu Yesu Kristo! Na kwa ndugu zetu wa KKKT, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, mliokubali kuambatana na Wakatoliki katika safari hii: Bwana Yesu asifiwe!

Wazee wetu, akina mama, vijana, asanteni kwa kufika. Wengi wenu mnakwenda Oslo kwa mara ya kwanza, na kwenye ratiba zenu Jumapili imeandikwa maneno mawili tu: "kanisa kuu". Maneno hayo mawili ndiyo yanayopoteza watu. Ukimsimamisha mpita njia pale Oslo ukamwuliza kanisa kuu liko wapi, atakuelekeza kwa nia njema kabisa hadi Stortorvet, katikati ya mji, kwenye kanisa lililowekwa wakfu mwaka 1697. Lina askofu, lina altare, lina mishumaa na msalaba. Ni la Walutheri. Mgeni huingia, akafanya ishara ya msalaba, akakaa, na ibada inaweza kufika katikati kabla hajashtuka. La Wakatoliki linaitwa St. Olav domkirke, na anwani yake ni Akersveien 5. Andikeni jina lote kwenye simu, kwa sababu neno "domkirke" (kanisa kuu kwa Kinorwei) peke yake litawarudisha Stortorvet.

Mtego wa pili uko njiani. Kutoka bungeni mnapandisha barabara ya Akersgata, mnapita eneo la ofisi za serikali, kisha upande mmoja linatokea kanisa kubwa la matofali mekundu lenye kuba. Wengi husimama hapo wakapiga picha wakidhani wamefika. Hilo ni Trefoldighetskirken, Kanisa la Utatu, la Walutheri pia, la mwaka 1858. Endeleeni mbele kidogo. Pale Akersveien inapoachana na Ullevålsveien mtaona kanisa dogo zaidi, la mtindo wa Kigothi wa karne ya 19, lenye mnara mmoja uliochongoka. Mmefika.

Kutoka stesheni kuu, Oslo S, ni mwendo wa kama dakika 20 kwa miguu, mwinuko wa wastani. Mwenye magoti mabovu apande basi namba 37 ashukie kituo cha Nordahl Bruns gate. Tiketi inanunuliwa kabla ya kupanda, kwenye programu ya simu ya Ruter, shirika la usafiri la Oslo, au kwenye kioski. Hakuna kondakta wa kukudai nauli ndani ya basi, na hilo huwafanya watu wadhani ni bure. Wakaguzi hupanda bila taarifa, na faini haina mazungumzo.

Sasa, kwa nini kanisa kuu la Kikatoliki liwe dogo, na la Walutheri likae katikati ya mji? Naomba tulikalie swali hili, maana bila jibu lake mtaingia, mtatazama dakika tano, mtatoka mkisema mbona kanisa kuu la St. Joseph la Dar es Salaam linavutia zaidi.

Norwei ilikuwa nchi ya Kikatoliki kwa zaidi ya miaka 500. Mfalme Olav Haraldsson aliuawa vitani Stiklestad tarehe 29 Julai 1030, akaheshimiwa kama mtakatifu, na kaburi lake Trondheim likawa mahali pa hija kubwa kuliko pote kaskazini mwa Ulaya. Mwaka 1537 mfalme wa Denmark, Christian III, aliyetawala Norwei pia, alileta Matengenezo ya Kilutheri kwa amri. Askofu Mkuu Olav Engelbrektsson alikimbia Trondheim kwa meli mwaka huohuo. Sanduku la fedha lililohifadhi mwili wa mtakatifu lilipelekwa Copenhagen likayeyushwa. Makanisa, mashamba na monasteri vikawa mali ya taji.

Hapa Oslo, parokia ya Kikatoliki ilirudi kwa kibali cha mfalme mwaka 1843. Piga hesabu: miaka 306. Katiba ya 1814, ambayo Wanorwei wanaisherehekea kila tarehe 17 Mei, ilisema Ulutheri ndio dini ya dola, na ikawakataza Wayahudi, Majesuiti (shirika la mapadre wa Kikatoliki) na mashirika ya wamonaki kuingia nchini. Wayahudi waliruhusiwa 1851, wamonaki 1897, Majesuiti 1956. Hiyo 1956 isiwapite hivihivi: Tanganyika ilikuwa na Askofu Laurean Rugambwa kwa miaka minne tayari, na Norwei bado ilikuwa na kifungu cha katiba dhidi ya Majesuiti.

Kwa hiyo St. Olav ni kanisa la misheni. Mkilitazama kwa jicho hilo, kila kitu kinakaa mahali pake. Misa ya kwanza ilisomwa humo tarehe 24 Agosti 1856, miaka 12 tu kabla ya wamisionari kujenga makao yao Bagamoyo. Mbele ya macho ya Roma, Norwei na pwani yetu zilikuwa katika daftari moja la nchi za kimisheni. Mwaka 1855 Roma ilikuwa imeunda hata eneo la kimisheni lililoitwa la Ncha ya Kaskazini. Kanisa lilijengwa nje kidogo ya kitovu cha mji, kwa waumini wachache, wengi wao wageni. Halikuwa na askofu wa kuliweka wakfu, likasubiri hadi tarehe 8 Agosti 1896. Likafanywa kanisa kuu 1953, Oslo ilipopata hadhi ya jimbo kamili, mwaka uleule Dar es Salaam ilipofanywa jimbo kuu. Papa Yohane Paulo II alifika Juni 1989. Ilikuwa mara ya kwanza papa kukanyaga Norwei.

Pesa za ujenzi? Sehemu yake ilitoka ikulu, nalo ni jambo la kushangaza kidogo. Malkia Josephine, mke wa Oscar I, mfalme wa Uswidi na Norwei zilipokuwa chini ya taji moja, alikuwa Mkatoliki. Alikuwa mjukuu wa Josephine yule mke wa kwanza wa Napoleon. Aliolewa katika ufalme wa Kilutheri akabaki na imani yake, akalichangia kanisa hili, na mwaka 1862 akaliletea masalia ya Mtakatifu Olav kutoka Denmark: mfupa ambao kwa desturi huitwa mkono wa Olav. Haya ndiyo masalia ya kuyaulizia mkiwa humo ndani. Msitegemee kaburi la dhahabu. Ni mfupa ndani ya chombo chake, na mtu anayetafuta kitu kikubwa anaweza kupita asiuone. Mwulizeni mhudumu wa kanisa kabla au baada ya Misa, si wakati wa Misa.

Tuingie ndani. Ndugu zetu wa KKKT, hapa nawahitaji, kwa sababu nyinyi mtaliona jambo ambalo Wakatoliki wa Tanzania na Congo hulikosa. Walutheri wa Norwei hawakutupa vitu vingi. Wamebakiza maaskofu, kanzu, stola (kitambaa kirefu cha shingoni), altare ya jiwe, picha za watakatifu, hata kasula (vazi la juu la padre). Mkatoliki aliyezoea kumtambua "Mprotestanti" kwa kuta tupu na mimbari katikati hapati msaada wowote. Alama za kuangalia ni nyingine.

Mlangoni kuna chombo cha maji ya baraka. Kwenye kanisa la Kilutheri kwa kawaida hakipo. Tazameni karibu na altare: kuna taa ndogo inayowaka muda wote, usiku na mchana, na karibu yake kikasha kilichofungwa kwa ufunguo. Hiyo ni tabernakulo, na taa hiyo inasema Ekaristi imo. Mkatoliki hupiga goti la kulia hadi sakafuni hapo. Asiye Mkatoliki hainamishi chochote kwa lazima, ila asipite katikati ya taa na mtu anayesali. Kuna kiti cha maungamo. Kuna Njia ya Msalaba, vituo 14. Mabenchi yana ubao wa kupigia magoti. Na kuna kiti cha askofu, ambacho ndicho kinachofanya jengo liitwe kanisa kuu. Ukubwa wa jengo hauhusiki. Dalili ya haraka kuliko zote: mkimwona mwanamke amevaa stola anaongoza ibada altareni, mko kwa Walutheri. Wao wana wachungaji wanawake tangu 1961.

Msikae kwenye kiti cha askofu kupiga picha. Inasikitisha kwamba lazima isemwe, lakini lazima isemwe.

Misa sasa. Jumapili kanisa hili halipumziki. Wakatoliki walioandikishwa Norwei ni zaidi ya 150,000, na wengi wao wamezaliwa nje: Wapolandi kwanza kabisa, kisha Wafilipino, Wavietnam, Watamil, Walithuania, na siku hizi Wakongo na Waeritrea. Misa husomwa kwa lugha kadhaa siku moja, moja ikitoka nyingine ikiingia, na hapo ndipo wageni wanapokwama. Ukifika dakika kumi kabla ya Misa yenye watu wengi, utasimama. Ukifika katikati ya mbili ili "kuangalia kanisa", unaweza kukuta ubatizo. Kwa kutazama jengo, chagueni siku ya kazi mchana. Kwa kusali, Jumapili, nusu saa kabla. Ratiba iko kwenye tovuti ya katolsk.no, na iangalieni wiki hiyohiyo, kwa sababu majira ya joto na wakati wa sikukuu hubadilika.

Hapa kuna suala la saa, na limewakosesha watu Misa. Norwei huandika saa kwa mtindo wa 24. Misa kuu ya Kinorwei iliyoandikwa 11.00 ni saa 5 asubuhi, si saa 11 jioni. Iliyoandikwa 18.00 ni saa 12 jioni. Mtu aliyekulia Kiswahili, akiwa na usingizi wa ndege, anasoma "11" akairuhusu asubuhi nzima ipite. Tena kuna kubadilisha saa: Jumapili ya mwisho ya Machi saa husogezwa mbele kwa saa moja usiku, na Jumapili ya mwisho ya Oktoba hurudishwa. Mwenye saa ya mkononi isiyojirekebisha ataamka Machi akute Misa inaishia. Pasaka ya 2024 iliangukia siku hiyohiyo, 31 Machi, na ya 2027, tarehe 28 Machi, itaangukia tena. Ukiipigia familia simu Nairobi au Mwanza, kumbuka wao wako mbele kwa saa mbili majira ya baridi, saa moja majira ya joto.

Mpangilio wa Misa ni uleule mnaoujua, kwa hiyo hata bila neno moja la Kinorwei mtajua mko wapi. Mkisikia "Herren være med dere", jibu ni "Og med din ånd". Mgawaji wa komunyo akisema "Kristi legeme", jibu ni Amina ileile. Kitabu cha nyimbo ni Lov Herren, na namba za nyimbo huwekwa kwenye ubao. Waimbaji huimba kwa sauti ya chini na kinanda. Hakuna makofi, hakuna vigelegele, na mtu akiguna "amina" kwa nguvu wakati wa mahubiri, mabenchi matatu yatageuka. Wakati wa kutakiana amani, shikeni mkono wa jirani wa kulia, wa kushoto, wa mbele na wa nyuma, basi. Usitoke kwenye benchi kwenda kumtafuta shangazi aliyekaa upande wa pili. Misa ya Jumapili huisha kwa takriban saa moja na robo, matangazo ni mafupi, na baada ya hapo hakuna mnada wa kuku.

Komunyo. Walutheri wetu, sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu kwa kawaida asiye Mkatoliki apokee, na msijisikie mmetengwa na padre huyo. Ndivyo ilivyo hata Songea au Bukavu. Mnaweza kubaki kwenye benchi, au mkaja kwenye foleni mkiwa mmekunja mikono kifuani kwa umbo la msalaba. Hiyo ni ishara inayoeleweka ya kuomba baraka, na padre atawabariki. Kosa hutokea mtu anapofika mbele mikono imening'inia, hajui la kufanya, na padre naye hajui ni nani; hapo hostia (mkate wa komunyo) huinuliwa na aibu ikaanza. Wakatoliki nao kwa upande wao, mkiingia ibada ya Kilutheri mtakaribishwa mezani kwa ukarimu, lakini kanuni ya Kanisa letu hairuhusu mpokee.

Sadaka na mishumaa. Norwei karibu imeacha pesa taslimu. Kwenye makanisa mengi mtakuta kibao chenye namba ya Vipps, ambayo kwa Mnorwei ni kama M-Pesa kwa Mkenya: kila kitu hupita humo. Tatizo ni kwamba mgeni aliyefika juzi hawezi kujiunga, kwa sababu inataka akaunti ya benki na namba ya utambulisho ya huko. Tafuteni sarafu za kroni 10 na 20 mapema, mkanunue maji dukani Jumamosi na kubakiza chenji, maana Jumapili maduka mengi yamefungwa. Mshumaa uwasheni kwa moto wa mshumaa mwingine uliopo, si kwa kiberiti chenu, na msiuzime mkiondoka.

Juma Kuu lina mitego yake. Alhamisi Kuu na Ijumaa Kuu ni sikukuu za taifa, hivyo mji unafungwa kuanzia Jumatano mchana na mabasi hupungua. Nunueni chakula mapema. Ijumaa Kuu hakuna Misa popote duniani, kuna Ibada ya Mateso. Mgeni anayefika kwa ajili ya Misa huduwaa kukuta altare iko wazi na tabernakulo iko tupu. Mkesha wa Pasaka huanza giza likiwa limeingia, na Aprili kule giza hukawia. Mkesha wa Krismasi, tarehe 24 Desemba, ndiyo siku yenyewe kwa Wanorwei kuliko 25. Ifikapo mchana kila kitu kimesimama. Jua la Oslo siku hizo huchomoza kama saa 3 asubuhi na kuzama saa 9 alasiri, kwa hiyo anayetaka kuona vioo vya rangi vikiangaza kanisani ana saa chache tu. Juni ni kinyume: mwanga upo hadi karibu saa 5 usiku.

Barafu nayo si mzaha. Akersveien ina mteremko, na kati ya Novemba na Machi theluji huyeyuka mchana, ikaganda usiku. Kuna vyuma vidogo vya meno vya kuvalisha chini ya viatu, vinauzwa kwenye maduka ya viatu na ya dawa. Vueni kabla ya kuingia kanisani, vitakwaruza sakafu na kuteleza juu ya jiwe. Wanaume, kofia vueni mlangoni.

Msirudi hotelini moja kwa moja. Mkitoka kanisani, pandisheni Akersveien kama dakika kumi. Mtapita ukingo wa makaburi ya Vår Frelsers, walikozikwa Henrik Ibsen na Edvard Munch, na nyumba ndogo za mbao za Damstredet. Juu kabisa kuna Gamle Aker kirke, kanisa la mawe la mwaka 1150 hivi, jengo kongwe kuliko yote Oslo linalotumika hadi leo. Lilijengwa na Wakatoliki, likasaliwa Misa kwa Kilatini karibu karne nne, na tangu Matengenezo ni la Walutheri. Mwenye muda ateremke siku nyingine hadi Gamlebyen, upande wa mashariki, aone magofu ya kanisa kuu la kale la Mtakatifu Hallvard, ambaye sura yake bado imo kwenye muhuri wa jiji. Mpangilio wangu ni huo: St. Olav, kisha Gamle Aker, kisha magofu. Walutheri, mlio na hospitali ya Haydom kule Mbulu iliyoanzishwa na wamisionari wa Kinorwei mwaka 1955, mtajua Gamle Aker ndiyo sehemu yenu, lakini mtaona pia msingi wake ni wa nani.

Mwisho, kwa wale wasiorudi mapema: mlioenda kusoma, kufanya kazi au kuungana na familia. Kubatizwa Kigoma au Goma hakukuandikishi moja kwa moja Norwei. Jumuiya za dini huko hupata ruzuku ya serikali kwa hesabu ya wanachama, kwa hiyo uandikishaji unafanywa kwa umakini, kwa hiari yako mwenyewe, kwa jina kamili na namba ya utambulisho yenye tarakimu 11. Usipojiandikisha hutafukuzwa Misani, lakini siku ya kutaka ubatizo wa mtoto au ndoa ndipo karatasi zinaanza kutafutwa. Kwa ndoa, paroko atataka cheti cha ubatizo kilichotolewa upya ndani ya miezi sita, chenye maelezo ya pembeni yanayoonyesha kama umewahi kufunga ndoa. Picha ya cheti cha zamani kwenye simu haitoshi. Mwombeni katibu wa parokia nyumbani kabla ya kuondoka awaonyeshe ukurasa na namba yenu kwenye kitabu cha ubatizo, mziandike mahali. Mkiwa nazo, hata paroko mpya asiyewafahamu anaweza kulitafuta jina ndani ya nusu saa na kuwatumia cheti.

Maswali sasa. Mama wa pale nyuma alikuwa ameinua mkono tangu kwenye habari ya basi.